Chupa kwenye Kijiti

Chainizi zangu haziliwi nyumbani. Naliweka hilo wazi mapema, mtu asije akaniita mchoyo. Sisi tunakula matembele, tunakula majani ya maboga, tunakula mlenda, na siku Evod mume wangu akileta kambale kutoka bondeni tunasahau kabisa kwamba kuna kitu kinaitwa mboga ya majani. Chainizi ni za sokoni. Ndizo zilizompeleka mwanangu Beatus chuoni, na ndizo zinazoniletea sabuni na sukari wakati Evod yuko mpungani ng'ambo ya mto, anakolala kwenye dungu mpaka mavuno yaishe. Kwa hiyo mtu akichuma chainizi zangu, mimi nahesabu ameingiza mkono mfukoni mwangu.

Watu wa mtaa wetu hapa Katindiuka wananijua kwa mdomo. Sawa, mdomo ninao. Na bustani ninayo pia, na hao wenye midomo mizuri wanakuja kununua kwangu.

Kwetu mtaani kila mwenye bustani ana chupa. Unachukua chupa tupu ya dawa ya wadudu, unaichomeka kichwa chini kwenye kijiti pembeni mwa tuta, ili mpita njia ajue mboga zimepulizwa na asitie mkono. Ukweli ni kwamba humo hakuna hata tone la dawa, tumemwaga majivu ya jikoni tu. Mimi ninayo chupa, Teddy wa nyumba ya pili anayo, Levina wa ng'ambo ya uchochoro anayo, na ya Levina wala si ya dawa, ni ya shampuu. Kila mtu anajua chupa ya mwenzake ni uongo, ila anaiheshimu kidogo kwa sababu na yeye ana ya kwake. Tumeishi hivyo miaka nenda rudi, na hakuna aliyedhurika.

Mwaka huu wakaja vidukari. Nilimwaga majivu, nikamwaga maji ya pilipili, nikachemsha muarobaini mpaka sufuria ikawa chungu siku tatu, wapi. Majani yalianza kujikunja. Nikaenda kwa muuza dawa mmoja anayetandaza chupa zake chini pale sokoni, akanipa kichupa kisicho na karatasi. Akasema hiyo ni kiboko, ni ya pamba, natia kifuniko kimoja tu kwenye bomba zima la kupulizia lililojaa maji, na nikishapuliza mboga isiguswe wiki mbili hata na kuku. Nilimsikia vizuri. Lakini nilipofika nyumbani nikafunua jani nikawaona wale vidukari walivyojazana kwa raha zao, nikatia vifuniko viwili. Cha tatu kilikuwa cha hasira.

Nilipuliza asubuhi na mapema, mama mkwe akiwa misani. Huyu ni Bibi Scolastica, mama yake Evod, ninaishi naye tangu baba mkwe afariki. Ni mtu wa Mahenge, mwembamba, mpole kupita kiasi. Ukimkanyaga mguu anakuomba radhi yeye. Kila siku anaenda misa ya asubuhi, akirudi ananusa ugoro wake, kidogo anaweka mdomoni, anashinda anatema mate. Pua yake haijui tena harufu ya kitu chochote. Wali ukiungua, ni mimi ninayesikia kutoka barabarani.

Nilitaka nimngoje nimwambie. Lakini mzigo wa matembele ulikuwa umeshafungwa kwenye baiskeli, na soko la asubuhi halina subira. Nikanawa, nikang'oa ile chupa kuukuu kwenye kijiti nikachomeka kichupa kipya, nikajisemea mama akikiona ataelewa. Nikamwachia wali na maharage nikafunika kwa sahani. Nikapanda baiskeli nikaenda zangu.

Nilirudi alasiri. Hata baiskeli sikuiegesha vizuri, nikaenda moja kwa moja bustanini kuangalia wale wadudu wangu. Walikuwa wamekufa wote, wamedondoka chini kama ufuta uliomwagika. Nikacheka peke yangu, nikawaambia mmeniona sasa. Kisha nikaliona tuta la pembeni.

Mashina kadhaa yalikuwa yamebaki na majani ya katikati tu. Ya nje yalikuwa yamekwanyuliwa, moja moja, taratibu, bila kuumiza shina. Aliyefanya vile ni mtu anayejua mboga.

Nasema kweli, kwanza nilikasirika. Hasira kwangu huwa inatangulia, mengine yanafuata nyuma yanahema. Nilishafungua mdomo nitukane mtaa mzima ndipo kikanijia kile nilichokuwa nimekitia kwenye bomba. Vifuniko vitatu. Kuna mtu ana majani yale jikoni kwake, na jua lilikuwa limeshaanza kuinama, saa ambayo wanawake wote wa mtaa wanabandika mboga.

Nikamkimbilia mama mkwe. Alikuwa kibarazani na ungo mapajani, anachambua mchele. Nikamwuliza nani kaingia bustanini. Hakuinua macho. Alisema hajui, labda alipitiwa na usingizi. Akafuta mdomo kwa upindo wa khanga, akatema pembeni.

"Mama, leo nimepuliza kweli," nikamwambia. "Ni sumu ya pamba. Anayekula anakufa."

Akasema, "Ee, mwanangu," akaendelea kutafuta mawe kwenye mchele. Ndivyo anavyosema kila ninaposimama uani kutangaza kwamba mboga zangu zina sumu na atakayekula shauri yake. Nimetangaza hivyo mara nyingi, na sauti yangu inafika mpaka barabarani. Hakuwa na sababu ya kuona kwamba leo ni tofauti, na mimi sikuwa na muda wa kumkalisha chini.

Nikaenda kwa Teddy. Teddy alinisikiliza huku anatabasamu, na nilipofika kwenye sumu akacheka kabisa. Aliniambia niache hizo, hata yeye chupa anayo, kama ni kuwatisha watu nimtishe mgeni. Nikaapa kwa Bikira Maria. Akanikumbusha kwamba hata mwaka jana niliapa. Basi nikamfunulia sufuria bila ruhusa, nikakuta dagaa, nikaifunika nikaondoka, naye akabaki ananicheka mgongoni. Sikujali. Dagaa wale walinifurahisha kuliko alivyojua.

Ikabaki nyumba ya Levina. Mimi na Levina hatusalimiani tangu bata wake walipoingia kwenye kitalu changu wakafyeka miche yote, nami nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Lakini binti yake Noela alikuwa amejifungua wiki ile, yuko pale pale kwa mama yake, na mzazi lazima ale mboga za majani ili maziwa yashuke. Nilipofikiria hivyo nikajikuta nakimbia, mwanamke mzima, khanga inanidondoka.

Levina alikuwa mlangoni mwa jiko. Nyuma yake sufuria ilikuwa inatokota, na harufu ya karanga ilinifikia nje ya ua. Karanga unaungia nini kama si majani? Nikasema bila hata hodi, "Levina, hizo mboga umezitoa wapi?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Mtu hujasalimiana naye miezi, unamwingilia uani unamwuliza mboga kazitoa wapi mbele ya binti yake. Uso wake ulibadilika. Akasema mboga yake imetoka sokoni, na kama namsaka mwizi niende kwa mjumbe.

"Sijaja kwa ajili ya mwizi. Mboga zina sumu, Levina. Nimepuliza leo."

"Sumu yako tunaijua, Mama Beatus. Ingekuwa inaua, mtaa huu wote ungekuwa makaburini."

Akafunga mlango wa jiko. Kabla haujafungwa nilimwona Noela ndani, amekaa kwenye kigoda, mtoto yuko kwenye titi. Nikagonga. Nikabembeleza, jambo ambalo mimi silijui, na likatoka vibaya, likatoka kama matusi. Levina akajibu kutoka ndani kwamba nisipoondoka atapiga kelele za mwizi, watu waje waamue.

Nikabaki uchochoroni nimeshika kichwa. Mjumbe wetu, mzee Nikodemu, alikuwa mpungani kama wanaume wengine wote. Nikivunja mlango tutashikana, na tukishikana tutaamuliwa na kila mtu atarudi kwake akale. Hata nikimwita padri wangesema nimemdanganya na padri. Nililia pale, na si kilio cha hasira, ni cha woga. Nilikuwa nakiona kile kichanga kinanyonya.

Ndipo nikawaza hivi: mtu anayedanganya kwamba mboga zina sumu, anadanganya ili zisichukuliwe. Anataka zibaki. Basi mimi nisizibakishe.

Nilirudi nyumbani, nikajifunga mifuko ya nailoni mikononi, nikaingia kwenye tuta la kwanza. Nikashika chainizi ya kwanza nikaing'oa na mizizi yake. Ya pili. Ya tatu. Nilikuwa natupa uchochoroni, katikati ya njia, kila mtu aone. Zilikuwa zimenenepa, zinakatika kwa sauti, na kila moja nilikuwa najua nitamwuzia nani. Nilikuwa nalia na kung'oa. Sikutangaza chochote. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtaa ule kuniona nafanya kazi nimenyamaza.

Teddy alitoka kuja kucheka tena. Akatazama lile rundo, akanitazama mimi, akaweka mkono mdomoni. Nikasikia akimwita Levina kwa jina, akimwambia njoo uone, Mama Beatus anang'oa bustani.

Mama mkwe akasimama kibarazani. "Mama Beatus, acha," akasema. "Mwanangu, acha, utaniua."

"Siachi, mama. Kuna mtu atakufa."

Nilimaliza tuta la pili, nikaingia la tatu. Alikuwa ameshika nguzo ya kibaraza, ungo umemdondoka na mchele umetapakaa chini, na yeye hamwagi mchele, yule ni mtu wa kuokota punje moja moja. Akaniita tena, safari hii kwa jina langu, ambalo halitumii.

"Aurelia. Nimechuma mimi. Nimempelekea mzazi."

Nikamwuliza kwa Levina? Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amemwomba Levina asiniambie, amwambie mtu yeyote atakayeuliza kwamba zimetoka sokoni. Sikungoja aendelee. Nilimshika mkono tukavuka uchochoro, mimi navuta, yeye anajikwaa, tunakanyaga chainizi.

Levina alikuwa ameshatoka nje, amesimama anatazama lile rundo. Hakunitazama mimi. Akamwuliza mama mkwe, "Mama, ni kweli?"

"Ni kweli. Tazama, kang'oa zote."

Levina akageuka akaingia ndani. Tulisikia akimnyang'anya mtu kitu, tukasikia Noela akisema sijaanza, mama, ugali bado. Akatoka na sufuria imeshikwa kwa khanga, anatembea haraka, akaenda akaimwaga yote chooni, na sufuria yenyewe akaitupa huko huko. Kisha akarudi akasimama mbele yangu anahema. Hakuniomba radhi, nami sikumwomba. Akaniletea maji kwenye kopo na kipande cha sabuni nikanawa mikono, akanimiminia mwenyewe.

Nilikaa chini pale pale uani kwake. Mwili wote ulilegea, nikacheka, nikalia, nikamshukuru Mungu kwa Kisukuma na Kipogoro na lugha zote ninazozijua na nisizozijua. Mtoto alikuwa anahangaika ndani, na sauti yake ilikuwa tamu sana. Ndipo nikamgeukia mama mkwe. Sikuwa na ugomvi tena. Nilitaka kujua tu.

"Mama, mbona hukuniambia nilipokuuliza?"

Alikuwa ameegemea ukuta. Akanijibu polepole, "Uliuliza kwa sauti ile ile."

Nikamtazama vizuri. Alikuwa anatoka jasho. Tulikuwa kivulini, upepo wa jioni umeshaanza, na gauni lake limelowa mgongoni. Alifuta mdomo kwa upindo wa khanga, na ule upindo wote ulikuwa maji matupu, mate yanamtoka bila kikomo. Ugoro hauko hivyo. Mate ya ugoro ni ya rangi ya tumbaku, haya yalikuwa meupe.

"Mama," nikasema. "Na wewe umekula?"

"Sijala. Nimekula wali wako na maharage."

Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Mimi na Levina tukatazamana, kwa mara ya kwanza tangu wale bata. Levina akatoka mbio kwenda barabarani kuita bajaji.

Tulimkalisha katikati yetu. Njia nzima alikuwa amejikunja, ameshika tumbo, anasema ni uzee tu, ni jua la kutoka misani, tusihangaike. Alimwomba radhi dereva kwa kumchafulia kiti alipotapika. Mimi nilikuwa nimemkumbatia, nasema harakisha, harakisha, na dereva anasema mama, barabara ina watu. Baiskeli za watu waliokuwa wanatoka sokoni zilikuwa zimejaa njia yote. Sijawahi kuichukia Ifakara kama jioni ile.

Hospitali walimpokea haraka. Daktari kijana alimmulika macho kwa tochi, akakunja uso. Nilichungulia na mimi: mboni za macho zilikuwa zimekuwa ndogo kama kichwa cha sindano. Akaniuliza nyumbani kuna dawa gani, nikamweleza yote mpaka kifuniko cha tatu. Akauliza kama bibi aliila. Nikasema bibi anasema hakula. Akasema lazima ajue kama iliingia tumboni, na kiasi gani, na saa ngapi.

Akainama kwa mama mkwe. "Bibi, leo umekula nini?"

Mama mkwe hakumtazama daktari. Alinitazama mimi.

"Wali na maharage," akasema. "Aliniachia mkwe wangu."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna, mwanangu."

Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka masikioni. Nilijua anadanganya, na nilijua atakufa anadanganya hivyo hivyo, kwa heshima, asinikosee. Nikapiga magoti pembeni mwa kitanda nikaweka mdomo sikioni kwake. Nilitaka nimwambie kwa sauti ndogo, na nilipoitafuta ile sauti ndogo sikuiona mara moja. Mara ya kwanza nilitoa pumzi tu.

"Mama," nikasema mwishoni. "Chainizi ni zako. Zote ni zako. Mwambie daktari."

Akanishika kiganja kwa ile mikono yake iliyokuwa inatetemeka. Daktari alikuwa ameshamgeukia nesi anataja dawa, nesi ameshafunga mkono wake na mpira anatafuta mshipa. Mama mkwe hakuwa na habari nao. Alikuwa ananitazama usoni, anaupima uso wangu kama umekasirika.

"Majani machache tu, Mama Beatus," akasema. "Yale ya pembeni, yasiyouzika."